Kidole Gumba cha Mkuu wa Idara

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Kisha wakaniomba niwaandikie "machache ya hekima" madaktari wanaoanza idara ya mifupa. Hekima sina. Nimetibu mifupa hapa Arusha tangu nikiwa na nywele nyeusi mpaka leo, na nilichohakikisha ni kwamba mfupa mwingi hupona hata daktari akiwa mjinga, mradi asiuchokoe sana. Kidole gumba hakina uvumilivu huo. Kwa hiyo nitawaandikia habari za kidole gumba. Mwenye kutaka habari za vyeo amuulize aliyevipata.

Siku yangu ya kwanza, nesi wa zamu alinitazama mlangoni na koti langu jeupe lililopigwa pasi, akaninyooshea mkono wa upole. "Dokta, wodi ya wazazi ni jengo lile pale."

"Nimepangiwa mifupa," nikasema.

Akaitazama mikono yangu, kisha kimo changu, kisha uso, kama mtu anayenunua mbuzi kwa hofu. "Haya, karibu. Nyundo ziko kabatini."

Mwanamke mwingine pekee katika idara alikuwa Dokta Felista, naye alikuwa mfupi kuliko mimi. Alipovuta mguu uliovunjika alipanda juu ya kigoda, akavuta, akashuka, akapangusa miwani, na hakuna aliyecheka mara mbili. Ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa na ugonjwa wa vijana wote: mgonjwa akiingia, nilikimbilia picha ya eksirei na kuiinua dirishani. Siku moja alininyang'anya. "Hiyo picha umeshaisalimia," akasema. "Sasa msalimie mgonjwa."

Yeye ndiye aliyenieleza kuhusu kano ya kidole gumba. Kano ni ile kamba ngumu inayouunganisha msuli na mfupa. Huku mitaani wanaiita mshipa. Kano inayoinua kidole gumba hupita mgongoni mwa kifundo cha mkono ndani ya kichochoro chembamba, inazunguka kinundu cha mfupa kama kamba inavyozunguka gurudumu la kisima, kisha inaelekea kidoleni. Mtu akianguka na kuegemea kiganja, mfupa ukivunjika vibaya na kutawanyika, mara nyingi kichochoro hupasuka na kano inapata nafasi. Balaa liko kwenye ule ufa mdogo usiosogea, ule ambao madaktari wote wanaufurahia. Kichochoro kinabaki kimefungwa, damu na uvimbe vinajaa humo ndani, kano inabanwa, inakosa chakula, inachakaa. Wiki kadhaa baadaye, plasta imeshatoka na mgonjwa ameshamshukuru Mungu, anafungua mlango au anakoroga uji, na kano inakatika. Mara nyingi haiumi hata kidogo. Kidole kinalala tu.

"Usimuulize kama anaweza kukikunja," alisema Dokta Felista. "Kukikunja ni kazi ya kano nyingine. Mwambie alaze kiganja mezani, kisha aelekeze kidole gumba juu darini. Kisipoinuka, acha kubishana na picha."

Nilibishana na picha mara chache, kisha nikaacha.

Mkuu wa idara wakati huo alikuwa Dokta Elirehema, mtu wa Akheri, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti kanisani wala kwingineko. Sitamsingizia: paja lililovunjika vipande vitano alikuwa analirudisha hadi ukadhani halijawahi kuvunjika. Bodaboda walimheshimu kuliko trafiki. Lakini kwake mwili wa binadamu uliishia kwenye kiwiko. Vilivyobaki aliviita "vidole," kwa sauti ile ambayo mtu anasema "makombo."

Ndipo akaja Mama Aminieli. Alikuwa mkulima, naye pia wa huko huko Akheri, mama wa makamo aliyeteleza kwenye tope la zizi akiwa na ndoo. Picha ilionyesha ufa mwembamba kama unywele. Alifungwa plasta, ile watu wanayoiita muhogo, ikatolewa kwa wakati wake, akaambiwa amepona. Baada ya muda akarudi. Alikaa kwenye benchi langu amebeba mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mkono umepona, nashukuru. Ila hiki kidole kimelala."

"Tangu lini?"

"Nilikuwa nakamua. Nikasikia kitu kama uzi umekatika kwenye nguo. Sasa nikitaka kushika chuchu ya ng'ombe, kinabaki ndani ya kiganja kama kinaona aibu. Ng'ombe amenipiga teke mara ngapi. Wanangu wanasema nimekuwa mvivu."

Nikalaza kiganja chake mezani, nikamwambia akielekeze kidole juu darini. Alijikaza mpaka mshipa wa shingo ukatokeza. Vidole vinne vikacheza. Gumba hakikusogea. Akakiinua kwa mkono mwingine, akakiachia, kikaanguka. "Umeona?" akasema, kana kwamba nilikuwa nimebisha.

Kano iliyochakaa namna hiyo haishoneki tena; ncha zake zinakuwa kama kamba ya katani iliyoliwa na panya. Unachofanya ni kuazima. Kidole cha shahada, hiki cha kuonyeshea, kina kano mbili za kukinyoosha, na kinaweza kuishi vizuri na moja. Unaichukua ya pili, unaipitisha chini ya ngozi, unaiunga kwenye gumba. Dokta Felista alikuwa amenionyesha zaidi ya mara moja kabla hajastaafu na kurudi kwao Machame. Nilichokosa ni nafasi ya chumba cha upasuaji. Nikaenda kwa Mkuu.

"Kidole gumba?" akasema Dokta Elirehema bila kuinua uso. "Dokta Naishiye, nina mapaja wodini mpaka mengine yamelala sakafuni. Unaniletea kidole gumba."

"Ni mkono wa kulia, Mkuu. Anakamua."

"Akamue kwa kushoto."

"Hawezi."

"Kidole gumba hakijawahi kumuua mtu."

Mapaja yalikuwepo kweli, na sakafuni walikuwa wamelala watu kweli. Huo ndio ubaya wa wakubwa wa aina ile: nusu ya maneno yao ni ya kweli, na hiyo nusu ndiyo inayobeba nusu nyingine mgongoni. Nikamrudisha Mama Aminieli nyumbani, akaja, nikamrudisha tena, akaja tena. Kila mara alijibu "haya mwanangu," na kila mara nilitamani anitukane, ningejisikia nafuu.

Aliyemwokoa hakuwa mimi. Ni kijana mmoja wa bodaboda aliyepangiwa paja, ambaye shangazi yake alimhurumia asubuhi ya upasuaji akamnywesha uji kikombe kizima. Mtu aliyekunywa uji halazwi usingizi. Mtaalamu wa usingizi akafoka, shangazi akafoka zaidi, chumba kikabaki wazi, na Mama Aminieli alikuwa kwenye benchi la kliniki. Nilimvuta kama mwizi anavyovuta kuku. Kidole kikafanyiwa kazi. Alipokuja baada ya mazoezi, kidole kikiinuka vizuri, nilimuuliza habari za ng'ombe.

"Bado anapiga teke," akasema. "Kumbe haikuwa kidole. Ni tabia yake."

Baadaye zikaja sahani za chuma na skrubu za kifundo cha mkono, na idara ikaingia kwenye mapenzi mapya. Kila mtu alitaka kufunga sahani. Vijana walipeana picha kwenye simu zao kama watu wanaoonyeshana watoto wachanga. Picha zilikuwa nzuri kweli. Tatizo ni skrubu iliyochaguliwa kwa macho ya matumaini, ndefu kidogo kuliko mfupa, ambayo ncha yake inatokeza ng'ambo ya pili, mgongoni mwa mkono, pale pale kano ya gumba inapopita. Inaikata polepole, kila mgonjwa anaponawa na kila anapopiga makofi kanisani. Picha inapigwa kutoka mbele, inapendeza. Mgonjwa amekaa pembeni yake, kidole kimelala. Niliunga kano za namna hiyo nyingi kuliko nilivyopenda, na aliyefunga sahani mara zote aliniambia jambo moja: "Lakini picha ilikuwa safi." Pigeni na ile picha ya kuinamisha mkono, inayochungulia mgongo wa mfupa. Na skrubu ikikupa shaka, chukua fupi. Hakuna mgonjwa aliyewahi kurudi kulalamika kwamba skrubu yake haikutokeza.

Sasa nifike kwa Mkuu mwenyewe.

Ilikuwa msimu wa mvua, Jumamosi. Dokta Elirehema alikwenda shambani kwake kuwaonyesha wadogo zake jinsi kahawa inavyopogolewa kitaalamu. Wadogo zake wamepogoa kahawa maisha yao yote. Alipanda ukingo wa mfereji akiwa na viatu vya mjini, akanyoosha mkasi kuelekea tawi alilokuwa analilaumu, miguu ikaondoka, akatua juu ya kiganja cha kulia. Habari hizi nilizipata kwa mdogo wake aliyemleta, ambaye alinisimulia mara mbili bila kuombwa.

Mkuu alijisomea picha yake mwenyewe. "Hakuna kitu. Ufa."

"Mkuu," nikasema, "ufa wa namna hii ndio unaotusumbua kwenye gumba. Nakuomba ukisikia maumivu hapa mgongoni mwa kifundo, au kidole kikianza kuwa kizito, uniite mapema."

"Dokta Naishiye, unaniombea mabaya?"

"Hapana Mkuu. Nakuambia ninachowaambia wagonjwa."

"Mimi si mgonjwa. Nimevunjika tu."

Alifungwa muhogo, akaukata mwenyewe kabla ya wakati kwa sababu ulikuwa unamwasha, akarudi kazini akishika paja la mtu siku hiyo hiyo. Tukaambiwa tuone mfano.

Wiki zilipita. Ikaja shughuli ya kuhamasisha waendesha bodaboda wavae kofia ngumu. Walipangwa mbele ya jengo letu na pikipiki zao, Mkuu katikati, koti jeupe, kofia ngumu kichwani. Mpiga picha alikuwa binti mchangamfu mwenye kamera kubwa kuliko kifua chake.

"Haya, wote dole juu!" akaita.

Madole yakainuka. Mkuu akanyoosha ngumi mbele, mkono wa kulia, tabasamu limekamilika.

"Baba, na wewe dole!"

"Nimeinua," akasema Mkuu.

"Hujainua, baba. Umeonyesha ngumi."

Bodaboda wakacheka wakidhani ni utani. Mkuu akaitazama ngumi yake. Nilikuwa nimesimama pembeni, nikaona uso wake unabadilika: tabasamu likabaki mdomoni lakini macho yakawa yameondoka. Alijaribu tena. Gumba kililala ubavuni mwa ngumi, kimetulia. Akabadili mkono haraka, akainua la kushoto, picha ikapigwa. Ipo mpaka leo ukutani, na wageni huuliza kama Mkuu alikuwa anatumia kushoto.

Alinifuata chumbani kwangu, akafunga mlango, akalaza kiganja mezani bila kuambiwa. Akajaribu. Hakikuinuka. Tukakitazama wote wawili.

"Labda ni uvimbe," akasema.

Nikakiinua kwa mkono wangu, nikakiachia, kikaanguka.

"Labda kinahitaji mazoezi."

Nilikuwa nimengoja miaka niwe na neno la kumwambia Dokta Elirehema, na sasa nafasi imekuja, nikaona jasho juu ya mdomo wake. Daktari wa upasuaji asiyeweza kufungua kiganja hashiki keekee ya kutobolea mfupa, hashiki mkasi, hapokei kisu kutoka kwa nesi. Mtu huyu hakuwa na kitu kingine duniani alichokiweza. Hata kahawa alikuwa hawezi.

"Siwezi kushika kikombe," akasema taratibu. "Nyumbani nawaambia nimeacha chai."

Hakuniomba mimi kwanza. Alipiga simu Dar, akapiga kwa rafiki zake waliosoma nje, na kila mmoja alimshauri atafute mtu anayefanya viganja mara kwa mara. Wa mwisho alimwambia kwamba yupo dokta mmoja mama, huko huko Arusha. Nilihadithiwa hilo na mkewe.

Akarudi. "Utanifanyia?"

"Nitakufanyia, Mkuu. Ila tatizo ni nafasi. Wodi imejaa mapaja."

Nakiri nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi hiyo. Kisha akafanya jambo ambalo sikutegemea: akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekanyagwa mahali anapojua panauma. Nafasi ilipatikana kesho yake asubuhi, na hakuna shangazi wala uji uliohitajika.

Upasuaji huu nilikuwa nimeshauhamishia kwenye ganzi ya sindano, mgonjwa yuko macho. Sababu ni ya msingi: kano unayoiazima lazima uikaze sawasawa. Ukiilegeza, kidole hakiinuki; ukiikaza mno, hakikunjiki. Mgonjwa akiwa macho, unamwambia akichezeshe kabla hujafunga, unaona kwa macho yako. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa anaongea, na mgonjwa wangu alikuwa Mkuu.

"Taa isogezwe kushoto," akasema kutoka nyuma ya pazia la kitambaa.

"Iko sawa, Mkuu."

"Huo ni mkasi gani?"

"Ule niliouagiza, ukasema ni wa kukatia vitenge."

Nesi Upendo, ambaye alikuwa ananipa vifaa, akaanza kukohoa ghafla. Niliikuta ile kano pale pale inapokatikaga, imechakaa, rangi ya kamba kuukuu. Nikaiacha. Nikaichukua ile ya kidole cha shahada, nikaipitisha, nikaishona kwa nyuzi chache za kujaribia.

"Haya Mkuu. Inua kidole gumba."

Gumba hakikutikisika.

"Nimeinua?" akauliza.

"Bado. Jaribu tena."

Hakuna. Sauti yake ikabadilika. "Naishiye. Imeshindikana?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina bila kuweka "Dokta" mbele, kama vile mtu anavyoita mwenzake gizani. Ubongo wake ulikuwa bado unaipigia simu ile kano iliyokufa. Hii mpya haikuwa imeambiwa kwamba imehama kazi. Ilikuwa bado inadhani kazi yake ni kuonyeshea. Wagonjwa wengine unawaambia wajifanye wanaonyesha njia. Kwa huyu nilikuwa na maelekezo mafupi zaidi.

"Mkuu, achana na gumba. Ninyooshee kidole kama unavyotunyooshea kwenye kikao cha asubuhi."

"Nani? Mimi?"

"Fanya kana kwamba nimechelewa."

Akanyoosha. Na pale mezani, chini ya taa, kidole gumba kikanyanyuka, taratibu, kikasimama kikitazama dari. Nesi Upendo akasahau kukohoa. Nikashusha pazia kidogo ili ajionee. Akakitazama. Akakirudisha, akakiinua tena, akakirudisha. Macho yakajaa maji.

"Jasho," akasema. "Humu ndani kuna joto."

"Joto kweli, Mkuu," akasema Nesi Upendo, akampangusa.

Nikafunga. Alikaa na kibao cha kushikilia mkono kwa wiki zinazotakiwa, na safari hii hakukikata. Kisha akapelekwa mazoezini, kwenye benchi lile refu la nje, ambako hakuna aliyemjua bila koti. Alikaa katikati ya mafundi ujenzi na akina mama wa sokoni, akibana na kubandua vibanio vya nguo kwenye kamba. Mtaalamu wa mazoezi aliniambia kwamba siku moja mama mmoja wa Kaloleni, muuza ndizi, alimkaripia: "Baba, acha kukimbilia, rudia taratibu kama mimi." Naye akarudia taratibu.

Aliporudi kazini, ubongo ulikuwa haujamaliza kujifunza. Kwenye kikao cha kwanza alimkasirikia daktari kijana aliyesahau kuagiza damu, akamnyooshea kidole cha shahada kwa hasira zote, na gumba nacho kikasimama wima. Mkuu alikuwa anafoka huku akimpa dole. Yule kijana hakujua afanye nini na uso wake. "Asante, Mkuu," akasema. Ilichukua muda mrefu mpaka vidole viwili vile vikaachana, na katika muda huo hakuna aliyeogopa kikao cha asubuhi.

Hakuniomba radhi, wala hakumtaja Mama Aminieli. Lakini asubuhi moja alisimama akatoa amri: kila mgonjwa wa ufa wa kifundo, akija kutolewa muhogo, alaze kiganja mezani aelekeze gumba juu darini, na aambiwe kwa Kiswahili cha kueleweka arudi haraka kikilala. Na siku moja katika juma chumba kidogo cha upasuaji kiwe cha viganja tu. Nilikuwa nimeliomba hilo kwa miaka, kwa hoja, kwa picha, kwa mgonjwa halisi aliyekaa mbele yake. Vidole vya wakulima havikutosha kulipitisha. Lilihitaji kidole kimoja cha ofisini, na likapita kabla chai haijapoa.

Kisha akaanza kulifundisha. Alilifundisha vizuri, kwa sauti ile ile, mpaka mikoa ya jirani, akieleza habari za "mgonjwa mmoja mwanaume, mwenye busara zake, aliyeanguka akifanya kazi ya kitaalamu shambani."

Wiki yangu ya mwisho nilipita kliniki kuaga. Binti mmoja, daktari mpya, alikuwa amekaa na bibi aliyejifunga shuka lubega, aliyetoka kukatwa muhogo. Picha ilikuwa mezani, imefunikwa bahasha, alikuwa hajaigusa.

"Bibi, laza kiganja hapa. Sasa elekeza gumba juu darini."

"Hii ya nini?" akauliza bibi.

"Ni kipimo, bibi. Alikigundua Mkuu wetu wa zamani, Dokta Elirehema."

Binti akanigeukia, akanisalimia shikamoo, akauliza, "Au nimekosea, Dokta?"

Bibi alikuwa bado amelaza kiganja, ananingoja na mimi. Nikamwambia binti aendelee.

"Mungu ambariki huyo mkubwa," akasema bibi, akainua.

Nikaitikia amina, kwa sauti kubwa kuliko zote mle ndani, kwa sababu kilikuwa kimeinuka.